Kibuli: kilima, wakazi wake na historia yake

Kibuli ni jina la kilima na la mtaa uliokizunguka, kusini-mashariki mwa kitovu cha jiji la Kampala, katika Divisheni ya Makindye. Magharibi yake ipo Nsambya, mashariki Namuwongo, na kusini Kisugu na Kabalagala. Upande wa kaskazini, bondeni, hupita reli pamoja na mfereji wa Nakivubo unaochukua maji ya jiji hadi Ziwa Viktoria. Ng'ambo ya bonde hilo ndiko kwenye viwanda.

Kileleni umesimama msikiti, na historia ya Kibuli haielezeki bila huo. Vita vya dini vilivyoitikisa Buganda mwishoni mwa karne ya 19 viliwaacha Waislamu wakiwa wameshindwa. Katika Mapatano ya mwaka 1900, kiongozi wao, Nuhu Mbogo, nduguye Kabaka Mutesa wa Kwanza, alitengewa maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake, ilhali misheni za Kikristo zilipewa 92. Mbogo alifariki mwaka 1921, akamwachia uongozi mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907. (Huyu si Semei Kakungulu, jemadari aliyeiteka mashariki ya Uganda.)

Wakati huo karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi Waislamu walichelea kuwa watoto wao wangebatizwa. Wengi waliokosa elimu waliishia katika uuzaji wa nyama, udereva na uchuuzi. Badru mwenyewe alisoma Budo, shule ya Kianglikana, na bila shaka aliujua ukubwa wa pengo hilo. Aliitoa ardhi yake ya Kibuli. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941 na Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, na ujenzi ukakamilika 1951. Shule ya sekondari, chuo cha ualimu na hospitali vilifuata kuuzunguka msikiti huo. Leo shuleni humo husoma pia watoto wasio Waislamu.

Katika habari za siasa, hata hivyo, jina Kibuli lina maana nyingine: ni upande mmodi wa mgawanyiko wa Waislamu. Mwaka 1965 wafuasi wa serikali ya Milton Obote waliunda jumuiya yao nje ya himaya ya Badru. Idi Amin alianzisha Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972 ili kuwaunganisha, nalo lina makao yake Old Kampala. Umoja haukudumu. Mwaka 2009, baada ya mzozo kuhusu uuzaji wa mali za Waislamu, kundi la Kibuli lilimteua Sheikh Zubair Kayongo kuwa Mufti wake.

Sensa ya mwaka 2014 iliihesabu Kampala kuwa na watu 1,507,080, na Waislamu nchini kuwa asilimia 13.7. Kibuli yenyewe ina wakazi wa makabila na dini mbalimbali, na Kiganda ndicho kinachotawala madukani. Lakini mtaani humo pia kuna chuo cha mafunzo ya polisi na makao ya idara ya upelelezi, na tangu enzi za ukoloni Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na ya jeshi. Ndiyo maana, hatua chache kutoka madukani, kwenye kambi ya polisi, askari waliotoka Arua, Mbale na Kabale husalimiana kwa Kiswahili.