Chuma cha Kuvaa, Chuma cha Kukaa Ndani

Wagusii walipasua fuvu la kichwa muda mrefu kabla ya hospitali kufika Kisii. Mtu akipigwa rungu au akianguka, kisha kichwa kikawa hakiachi kumuuma, aliitwa bingwa wa kupasua vichwa, omobari omotwe, aje amtibu. Bingwa huyo alichana ngozi, akaifunua, halafu akakwangua mfupa taratibu mpaka ule utando unaozunguka ubongo ukaonekana. Hapo mkono ulisimama. Mtafiti aitwaye Grounds aliliandika jambo hili katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki mwaka 1958. Edward Margetts, Mkanada aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari miaka hiyo, akalifuatilia. Mtafiti Furnas na wenzake wakalirudia mwaka 1985. Kilichowashangaza ni jinsi wagonjwa wengi walivyopona.

Mimi navutiwa na jambo dogo zaidi: kisu kiliingia, kikatoka, na hakuna kilichobaki ndani. Tundu la fuvu lilifunikwa kwa ngozi tu. Margetts aliandika habari za mtu aliyekwanguliwa mara nyingi hata sehemu kubwa ya fuvu lake ikawa haipo tena. Leo pengo kama hilo lingezibwa kwa wavu wa titani. Omobari hakuwa na cha kuzibia, na pengine ni heri, maana chuma alichokijua yeye, kile cha jembe na mkuki, kingelika ndani ya nyama na kuileta kutu mpaka kwenye jeraha.

Si kwamba Wagusii walikiogopa chuma mwilini. Mwanamke aliyefanyiwa enyangi, arusi kamili ya mila, alivishwa ebitinge, pete za chuma za kwenye vifundo vya miguu, na hazikuvuliwa maadamu ndoa ipo. Alizilimia, akazivukia mito, akazitembelea matopeni. Kutu ya nje haina neno, inasuguliwa. Ngozi ndiyo iliyokuwa mpaka, na mila ilijua nani anavisha, lini, na kuvuliwa kuna maana gani.

Wazungu waliuvuka mpaka huo wakaumia kwanza. William Arbuthnot Lane, wa hospitali ya Guy's mjini London, alianza kuunga mifupa kwa skrubu na vibati vya chuma mwishoni mwa karne ya 19. Usafi wake wa chumba cha upasuaji ulikuwa wa kupigiwa mfano, lakini vibati vilishika kutu na kukatika. Ilipofika 1937, watafiti Venable na Stuck kule Texas walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba metali mbili tofauti zikikaa pamoja mwilini huzalisha umeme mdogo, na mfupa ulio jirani hudhurika. Majimaji ya mwili yana chumvi na joto la nyuzi 37. Kwa chuma, hiyo ni pwani isiyo na kiangazi.

Dawa ilipatikana kwenye kromi. Chuma cha 316L, kinachotumika sana kuungia mifupa, kina kromi asilimia 17 hadi 19, nikeli asilimia 13 hadi 15, na molibdeni kidogo. Kromi hushikana na oksijeni ikafanya utando juu ya chuma, mwembamba kiasi cha sehemu chache tu kati ya milioni moja za milimita. Ukikwaruzwa, hujiziba wenyewe, mradi oksijeni ipo. Taabu iko chini ya kichwa cha skrubu, pale kinapokalia kibati. Mle ndani oksijeni huisha, chumvi hujikusanya, asidi hupanda, na kila hatua ya mgonjwa husugua metali kwa metali. Ndiyo maana kibati kilichotolewa baada ya miaka kinaweza kuwa kinang'aa kote, kikawa na vishimo kuzunguka matundu tu. Nikeli nayo huvuja kidogo kidogo, na wapo watu ambao miili yao haiitaki.

Titani ni bora kwa hesabu zote hizo. Haina nikeli, utando wake ni mgumu kushindwa na chumvi, na ugumu wake wa kupinda ni kama nusu ya ule wa 316L, kwa hiyo haiunyimi mfupa kazi yake. Tena mfupa wenyewe huishika: Per-Ingvar Brånemark, Msweden, aligundua hivyo mwaka 1952 aliposhindwa kuchomoa kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura. Kwa nyonga ya mzee, huo ni mwisho mwema. Kwa kijana wa bodaboda wa Kenyenya, huko Kisii, aliyevunjika paja, ambaye huenda akahitaji kutolewa chuma baadaye, nasita. Metali inayopatana mno na mwili haitoki kwa urahisi.

Hapa ndipo mkono wa omobari unaponirudia. Yeye alihesabu kuingia na kutoka kuwa kazi moja. Sisi tumezitenga: kuingia kunachangiwa harambee, kutoka hakuna anayekupangia. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mjini Richland, Marekani, mwaka 1999, limesaidia sana upande wa kuingia. Msumari wake wa chuma kisichoshika kutu hupitishwa ndani ya mfupa na kufungwa kwa skrubu bila kuhitaji mashine ya eksirei chumbani. Tenwek kule Bomet wameutumia, na taasisi ya mifupa ya Muhimbili pia. Ningekuwa mimi ndiye wa kuchagua, ningempa kijana yule msumari huo kabla ya titani ya bei ghali.

Lakini aondoke na karatasi. Iandikwe metali gani, kampuni gani, na vichwa vya skrubu ni vya pembe sita au vya nyota. Daktari atakayemfungua baadaye akikosa bisibisi inayolingana, kichwa cha skrubu kitalika, na itabidi kitobolewe kwa drili huku chembe za chuma zikimwagika kwenye nyama iliyokwisha pona.