Uzee wa seli unaochochewa na onkojeni

Uzee wa seli unaochochewa na onkojeni ni hali ya seli ya kawaida kuacha kabisa kugawanyika baada ya mojawapo ya jeni zake kugeuka kuwa onkojeni, yaani jeni yenye uwezo wa kuleta saratani. Seli hiyo haifi. Huendelea kutumia sukari na kutengeneza protini, ila haizai seli nyingine hata ikipewa vichocheo vya ukuaji.

Uzee wa seli ulijulikana tangu 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walipoonyesha kwamba fibroblasti (seli za tishu unganishi) za binadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Baadaye ukomo huo ulihusishwa na kufupika kwa telomea, yaani ncha za kromosomu. Uzee unaochochewa na onkojeni hausubiri telomea zifupike. Seli changa husimama ndani ya siku chache tu.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1997 na Manuel Serrano, Scott Lowe na wenzao katika maabara ya Cold Spring Harbor, New York. Walipotia jeni ya RAS iliyoharibika ndani ya fibroblasti za kawaida, seli zilianza kwa kuongezeka kwa kasi, kisha zikatuama, zikapanuka na kuwa bapa, huku protini za p53 na p16 zikijazana ndani yake. Matokeo hayo yalijibu swali la zamani. Mwaka 1983 ilikuwa imeonekana kwamba RAS peke yake haigeuzi seli za panya zilizotolewa mwilini karibuni kuwa za saratani, mpaka isaidiwe na onkojeni nyingine kama MYC. Seli za maabara ziitwazo NIH 3T3, ambazo zilikuwa zimeipa RAS sifa ya kutenda peke yake, hazikuwa za kawaida hata kidogo: zilikwisha poteza jeni ya p16.

Chanzo cha kusimama ni amri ya kukua isiyokoma. Seli hunakili DNA yake kupita kiasi, unakili hukwama njiani na nyuzi hukatika. Mikatiko hiyo huamsha p53, nayo huwasha p21 inayozuia mgawanyiko. Kwa upande mwingine, p16 hufunga vimeng'enya vya CDK4 na CDK6, na hivyo kuiacha protini ya RB izime jeni za kugawanyika. Njia hizi mbili husaidiana, na katika seli za binadamu ni vigumu kuzivuka kuliko katika seli za panya.

Kwa miaka kadhaa wapo waliodhani kwamba haya ni mambo ya vyombo vya maabara tu. Shaka hiyo ilipungua sana mwaka 2005, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwenye ngozi ya binadamu. Vidoa vyeusi vya kawaida vya ngozi mara nyingi hubeba BRAF iliyoharibika, onkojeni ileile inayopatikana katika saratani ya melanoma. Kundi la Daniel Peeper, Amsterdam, lilionyesha kwamba seli za vidoa hivyo zina dalili za uzee, na ndiyo maana kidoa hukaa miaka mingi bila kukua. Melanoma, kinyume chake, mara nyingi huwa imepoteza p16.

Si kila onkojeni huleta uzee. MYC huelekea zaidi kuisukuma seli ijiue. Katika limfoma ya Burkitt, aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto wa Uganda waliovimba taya, MYC imehamia kwenye kromosomu nyingine, na mara nyingi p53 nayo imeharibika, hivyo seli hukwepa kifo hicho.

Seli zilizozeeka hutoa protini za uchochezi, zikiwemo IL-6 na IL-8, ambazo huita askari wa kinga ya mwili. Wakiziondoa mapema, mwili hupona. Zikibaki muda mrefu, uchochezi uleule unaweza kulisha uvimbe wa jirani, kwa hiyo si sahihi kuuita uzee huu kinga tupu.

Tiba nayo imeiga njia ya p16. Palbociclib, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huzuia CDK4 na CDK6, lakini haifai kitu kwa uvimbe uliokwisha poteza RB.