Programu dhibiti na orodha yake ya kuwasha

Programu dhibiti ni ile inayokaa ndani ya chipu ya ubao mama na kuamka kabla ya kitu kingine chochote unapobonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta. Hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta mfumo endeshi na kuukabidhi mashine. Mafundi wengi bado huiita BIOS, ingawa kompyuta za leo zina UEFI. Istilahi hii imejengwa juu ya kitenzi kudhibiti, nayo inaifaa sana printa au kamera, ambako programu hiyo ndiyo yenye kauli muda wote. Kwenye kompyuta udhibiti wake ni wa sekunde chache, na anayeitegemea isimamie mifumo miwili au mitatu kwenye mashine moja anajitafutia taabu.

Taabu inaanzia mahali orodha inapokaa. BIOS ya zamani ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, ikaendesha msimbo uliomo. UEFI huitunza orodha ya mifumo kwenye ubao mama. Kila mstari una namba, Boot0000, Boot0001, pamoja na njia ya faili. Sasa ichomoe diski yenye Linux, uifunge kwenye kompyuta nyingine: faili zote zipo, lakini ubao mpya hauna mstari hata mmoja wa kuzifikia. Inabaki njia ya akiba, \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Hapo pakiwa patupu, mashine haiwaki.

Tena programu dhibiti zenyewe hazilingani kwa ubora. Zipo zinazofuta mistari zisiyoifahamu, na zipo zinazoirudisha Windows juu kila mara. Mwanzoni mwa 2013 baadhi ya kompyuta za mkononi za Samsung zilikufa kabisa baada ya kuwashwa kwa Linux. Mhandisi Matthew Garrett alionyesha kwamba hitilafu ilikuwa ya programu dhibiti, iliyoshindwa kuamka nafasi yake ya kumbukumbu ilipojazwa mno, na kwamba hata ukiwa ndani ya Windows ungeweza kuziua.

Kwa hiyo programu dhibiti ipewe kazi ya kufungua faili moja, basi. Kuchagua mfumo ziachiwe programu za kuwashia kama GRUB au rEFInd, ambazo mipangilio yake iko kwenye diski na inanakilika. GRUB husoma mifumo ya faili ya ext4 na Btrfs, ilhali UEFI imehakikishiwa kusoma FAT tu. Ukiendesha grub-install kwa chaguo la --removable, faili huwekwa kwenye njia ya akiba bila kuigusa orodha ya ubao mama. Kama Windows ilishaweka faili yake hapo, inakili kwanza.