Mlio wa Kata ya Tisa

Asubuhi ya Jumatatu, 29 Agosti 2005, yapata saa mbili kasorobo, ukuta wa zege uliozuia maji ya Industrial Canal jijini New Orleans ulianguka. Maji yakaivamia Lower Ninth Ward, sehemu ya Kata ya Tisa iliyo mashariki ya mfereji huo. Hayakupanda taratibu. Nyumba za mbao zilinyanyuliwa kutoka kwenye misingi yake zikagongana mtaani, na tishari kubwa la chuma lililokatika kamba likapita palipobomoka, likaenda kulalia nyumba za watu. Wengi waliookoka husimulia jambo moja: kabla ya kuyaona maji walisikia mlio. Mlio mzito, kama wa baruti. Na wazee waliousikia hawakungoja redio iwaambie kumetokea nini. Walisema: wamelipasua tuta tena.

Neno la kushika hapo ni hilo la mwisho. Mtu hasemi “tena” ila anakumbuka mara ya kwanza.

New Orleans ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, mahali ambapo mto Mississippi, kwa mafuriko ya karne nyingi, ulikuwa umejijengea tuta la udongo. Juu ya tuta hilo ndipo ulipo mtaa wa zamani wa Wafaransa, French Quarter, na ndiyo maana sehemu yake kubwa ilibaki kavu mwaka 2005. Nyuma yake kilikuwapo kinamasi kilichoendelea hadi ziwa Pontchartrain. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi wa jiji, Albert Baldwin Wood, alibuni pampu kubwa za kunyonya maji, kinamasi kikakaushwa, viwanja vikauzwa, watu wakajenga. Lakini udongo wa kinamasi ukikauka hunywea. Ardhi ikashuka mwaka hata mwaka, mpaka karibu nusu ya jiji ikawa chini ya usawa wa bahari, imezungushiwa matuta na kuta kama bakuli. Ndani ya bakuli hilo watu hubishania mambo mawili kila maji yanapokuja: ukingo upi upewe nguvu, na upi uachwe.

Mara ya kwanza ilikuwa 1927. Majira ya kuchipua ya mwaka huo Mississippi ilifurika kuliko ilivyowahi kukumbukwa, na Ijumaa Kuu mvua kubwa ikainyeshea New Orleans yenyewe. Wenye benki na wafanyabiashara wakubwa wa jiji walikutana wakaamua kwamba, ili kuwatuliza wawekezaji, tuta lipasuliwe chini ya mji, mahali paitwapo Caernarvon, maji yapungukie huko. Gavana O. H. Simpson alitoa idhini. Tarehe 29 Aprili baruti zikategwa. Waandishi wa habari na watu wa heshima walikwenda kutazama kwa vibali maalumu, kama watu wanaokwenda kwenye sherehe. Mlipuko wa kwanza haukufanya kitu cha maana. Ikabidi waendelee kulipua kwa siku kadhaa, tani zaidi ya 30 za baruti.

Upande wa pili wa lile tuta waliishi watu, wapatao 10,000, katika wilaya za St. Bernard na Plaquemines. Wengi wao walikuwa maskini, wavuvi na wategaji wa wanyama wa majini wenye manyoya ya thamani, na miongoni mwao wazao wa watu wa visiwa vya Kanari waliokwishaishi pale zaidi ya miaka 100. Waliondolewa na mali walizoweza kubeba. Waliahidiwa fidia, ahadi ikatiwa saini na vigogo wa mji; baadaye madai yalipolipwa, kilichotoka kilikuwa sehemu ndogo mno, na wengi hawakupata hata senti. Kichungu zaidi ni hiki: muda si mrefu baada ya mlipuko matuta ya juu ya mto yalipasuka yenyewe, maji yakatawanyika mbali na jiji. Caernarvon haikuwa lazima.

Wategaji wale wengi walikuwa weupe, na Kata ya Tisa ya 2005 ilikuwa karibu yote ya watu weusi. Hata hivyo kumbukumbu ilivuka. Kata hiyo imepakana na St. Bernard, na somo walilolipata majirani halikuhitaji rangi: mji ukibanwa na maji, hutafuta wa kumpa maji hayo, naye huwa ni yule asiye na benki.

Mara ya pili ilikuja usiku wa 9 Septemba 1965, kimbunga Betsy. Matuta ya Industrial Canal yalishindwa, Kata ya Tisa ikazama, na watu walikufa darini mwa nyumba zao, wamepanda wakikimbia maji wakakosa pa kutokea. Tangu hapo ikawa desturi kwa familia nyingi kuweka shoka darini. Shoka la kupasulia paa. Kuna nyumba zilizokaa na shoka hilo miaka 40, linapata kutu, watoto wanakatazwa kuligusa, mpaka 2005 likashikwa kwa kazi iliyoliweka pale.

Betsy ilifundisha pia siasa ya mafuriko. Seneta Russell Long wa Louisiana alimpigia simu Rais Lyndon Johnson akamsihi aje, na hakuona haya kumkumbusha kwamba ziara ya siku moja ingemletea faida ya kura katika jimbo lililomkataa mwaka uliotangulia. Johnson alifika siku hiyohiyo ya simu. Akaenda kwenye shule iliyogeuzwa kambi, ndani giza, umeme umekatika, akajimulika tochi usoni na kuwaambia watu kuwa yeye ndiye rais wao na amekuja kuwasaidia. Ukipenda sema alikuwa anatafuta kura. Mimi nasema hata hivyo alisimama gizani pamoja nao. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likawapa wahandisi wa Jeshi kazi ya kujenga ngome mpya ya kuikinga New Orleans dhidi ya vimbunga. Lakini mitaani watu walikwishaamua: Meya Victor Schiro ndiye aliyeagiza tuta likatwe ili mitaa ya matajiri ipone. Ushahidi haukupatikana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Ngome ile iliyoanzwa 1965 ilikuwa haijakamilika miaka 40 baadaye, kimbunga Katrina kilipowasili.

Meya Ray Nagin aliamuru watu wote wahame Jumapili, siku moja kabla. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jiji hilo kutoa amri ya namna hiyo, lakini maelfu kwa maelfu ya wakazi hawakuwa na gari, na picha iliyomwandama Nagin tangu siku hiyo ni ya mabasi ya shule yamepangwa vizuri, safu kwa safu, yamezama hadi madirishani. Waliobaki walielekezwa kwenye uwanja wa michezo wa Superdome. Kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue nazo zikaanguka, na sehemu nne kwa tano za jiji zikawa maji.

Rais George W. Bush alikuwa likizo Texas. Jumatano alirudi Washington, na ndege yake ikapita chini kidogo juu ya jiji. Mpiga picha akamnasa akitazama nje kwa dirisha. Kulinganisha tochi ya Johnson na dirisha la Bush hakukumchukua mtu wa New Orleans hata dakika moja. Bush mwenyewe alisema miaka mitano baadaye kwamba picha ile ilikuwa kosa kubwa. Ijumaa, watu wakiwa bado wanafia juani nje ya ukumbi wa mikutano wa jiji, alimsifu hadharani Michael Brown, mkuu wa FEMA, wakala wa serikali kuu wa kushughulikia maafa, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kwenye chama cha wafugaji wa farasi wa Kiarabu. Siku kumi baadaye Brown alijiuzulu. Usiku wa Ijumaa hiyohiyo, katika matangazo ya moja kwa moja ya kuchangisha fedha, mwanamuziki Kanye West aliacha maandishi aliyopewa akasema Bush hawajali watu weusi. Aliyesimama kando yake alibaki ameduwaa.

Gavana Kathleen Blanco naye alikuwa akivutana na Washington juu ya nani aamuru askari. Katika mvutano huo kila upande ulikuwa na mawakili wake na karatasi zake. Tusikae hapo.

Kulikuwa pia na ugomvi wa neno. Vyombo vya habari viliwaita waliohamishwa wakimbizi, na watu weusi wa Marekani wakakasirika: mkimbizi ni mtu wa nchi nyingine, sisi ni raia, tunalipa kodi. Mchungaji Jesse Jackson alilipinga neno hilo, na Bush akakubaliana naye, jambo lisilotokea mara nyingi. Kwa Kiswahili mkimbizi ni aliyekimbia tu. Lakini hata kwetu neno limekwisha kushika harufu ya mahema ya Kigoma na foleni za mgawo, na nadhani msomaji anaelewa kwa nini mtu mwenye nyumba yake aliyepigwa picha juu ya paa lake hakutaka kuitwa hivyo.

Narudi kwenye uvumi, maana wiki ile ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa baruti. Wachunguzi walionyesha kuwa hapakuwa na mlipuko wowote: ukuta wa zege ukivunjika na tishari likagonga nyumba, mlio huo huo husikika. Spike Lee aliuweka uvumi huo katika filamu yake ya 2006 juu ya mafuriko hayo, na wapo waliomlaumu kwa kuwapa nafasi wajinga. Wa pili ulitoka juu. Meya na mkuu wake wa polisi walisimulia mbele ya kamera habari za mauaji na ubakaji ndani ya Superdome, hadi wa watoto wachanga. Nyingi ya habari hizo baadaye hazikuthibitika. Lakini kwa nguvu yake New Orleans iliingiwa na hofu ya bunduki. Polisi wa kitongoji cha jirani walifyatua risasi hewani na kuwarudisha watu waliokuwa wakivuka daraja kwa miguu kutafuta pakavu. Tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwapiga risasi raia wasio na silaha. Wawili wakafa, wanne wakajeruhiwa, kisha ripoti ikaandikwa ya uongo. Maafisa walikiri makosa mahakamani mwaka 2016. Ukinitaka nichague uvumi wa kijinga kati ya aina hizo mbili, sitawachagua wazee wa Kata ya Tisa.

Watu waliporudi walikuta milango yao imepakwa rangi na waokoaji, alama kama ya kuzidisha: juu tarehe ya ukaguzi, kushoto kikosi, kulia hatari zilizomo, chini idadi ya waliokutwa, hai au maiti. Sifuri ya chini ndiyo iliyotafutwa kwanza na macho. Kwenye nyumba ya Fats Domino, mwimbaji aliyekuwa amekataa miaka yote kuihama kata hiyo, mtu aliandika buriani, kumbe mzee alikuwa amekwishaokolewa. Majokofu yaliyooza yalifungwa kwa utepe na kusukumwa barabarani kwa maelfu, na juu yake watu wakaandika siasa: matusi kwa FEMA, kwa meya, kwa gavana, mizaha juu ya kilichokuwa kinanuka humo ndani. Sijui mji mwingine uliowahi kutoa maoni yake kwa majokofu.

Januari 2006 gazeti la Times-Picayune lilichapa ramani ya tume ya meya ya kuujenga mji upya. Juu ya baadhi ya mitaa palikuwa na duara za kijani: pengine pageuzwe bustani. Mtu aliyekuwa Houston au Atlanta katika chumba cha hoteli alifungua gazeti akaona nyumba yake imekuwa bustani. Mikutano ikajaa kelele, mtaa wa Broadmoor ukajipanga nyumba kwa nyumba, na Nagin, aliyekuwa anataka kuchaguliwa tena mwezi Mei, akaiacha ramani ife. Akashinda. Miaka minane baadaye alihukumiwa kifungo kwa rushwa.

Duara zilifutika, pesa ikafanya kazi yake. Mpango wa jimbo wa kuwalipa wenye nyumba ulikokotoa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kuijenga, kile kilicho kidogo. Mbao na misumari vina bei moja mji mzima, lakini nyumba ya Kata ya Tisa ilithaminiwa bei ndogo kuliko ile ile ya mtaa wa weupe. Kata hiyo ilikuwa na wenye nyumba wengi kuliko wastani wa jiji, nyumba za urithi, hati ikiwa bado kwa jina la babu aliyekufa. Bila hati, hakuna hundi. Kabla ya 2005 waliishi humo watu wapatao 14,000. Leo hawafiki nusu. Mahali pengi pamebaki ngazi za saruji tatu au nne, zinapanda hadi majanini.

Juni 2006 wahandisi wa Jeshi walikiri kuwa kuta za mifereji zilianguka kwa kasoro za usanifu. Mahali pengine maji hayakuwa yamefika hata kimo zilichojengewa kuhimili. Wakazi wakashtaki. Mwaka 2008 Jaji Stanwood Duval aliwalaumu wahandisi kwa maneno makali, kisha akaitupa kesi ya mifereji hiyo, kwa sababu sheria haikumwachia njia. Kifungu kinachoikinga serikali ya Marekani isidaiwe kwa hasara ya mafuriko kimo katika sheria ya 1928. Bunge liliipitisha mwaka mmoja baada ya baruti za Caernarvon, na bado inatumika.