Saini ya Fundi wa Ndege: Karagwe na Kyerwa Kando ya Anga

Ukiweka rula juu ya ramani na kuanzia Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, utakuta Entebbe iko kilomita 225 hivi kwa mstari ulionyooka. Soroti, mji wa mashariki mwa Uganda wenye chuo cha urubani na ufundi wa ndege tangu mwaka 1971, uko kama kilomita 450. Nairobi ni 640 hivi. Dar es Salaam inazidi 1,000. Ndege haijui kona za barabara, kwa hiyo katika habari zake rula ndiyo kipimo cha haki. Hata hivyo, kijana wa Nyaishozi au Nkwenda anayetamani kuwa fundi wa ndege, au mkufunzi wa urubani, huelekezwa upande ule wenye kilomita nyingi kuliko zote. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, ina kiwanja kidogo cha ndege pale Ihanda. Karakana ya ndege haina, wala darasa la urubani. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wilaya hizi ziko pembezoni, na mambo makubwa hayafiki pembezoni. Jibu hilo linataja hali iliyopo, halielezi ilivyotokea. Historia inaonyesha kwamba kazi ya ndege haifuati ukaribu, haifuati vipaji, na hata fedha haizifuati sana kama tunavyodhani. Inafuata mamlaka ya kutia saini, na mamlaka hiyo imehamishwa mara kadhaa bila hata mara moja kufika Kagera.

Saini hiyo si jambo dogo. Ndege ndogo ya mafunzo, mathalani Cessna 172, hukaguliwa kila baada ya saa 50 na saa 100 za kuruka. Oili hubadilishwa, plagi hufunguliwa na kusafishwa, mgandamizo wa silinda hupimwa, nyaya za usukani hufuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho, rafadha hupapaswa kutafuta mikwaruzo. Kazi zote hizo, mtu mwenye mikono mizuri na subira anaweza kufundishwa. Ila ndege hairuhusiwi kuruka kwa sababu tu imetengenezwa vizuri. Inaruhusiwa kwa sababu mtu mwenye leseni ameandika kitabuni kwamba imetengenezwa, akaweka jina na namba yake, na kuanzia hapo kosa likitokea ataulizwa yeye. Upande wa mkufunzi ni hivyo hivyo. Anayetaka leseni ya urubani wa biashara anahitaji kwa kawaida saa 200 za kuruka, au 150 akisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa, na saa zake za masomo hazina thamani kama aliyemfundisha hana kibali. Nyuma ya kibali cha mkufunzi kuna kibali cha chuo, nyuma ya chuo kuna mamlaka ya nchi, na nyuma ya nchi kuna Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambamo mataifa yalikubaliana kutambuliana vyeti. Fundi wa trekta hahitaji mnyororo huo. Anaweza kujifunza chini ya mwembe na wateja wakamjia kwa sifa zake tu.

Mtu anaweza kusema kwamba Karagwe haikuwahi kuwa nchi ya mafundi, hivyo hakuna cha kuhoji. Jibu liko Bweranyange. Ufalme wa Karagwe ulikuwa na makao yake hapo, na hazina yake ilijulikana kwa kazi za chuma: ng'ombe wadogo wa chuma, mikuki, nyundo za heshima. Simulizi za huko zinamtaja Mukama Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyehusishwa na uhunzi. Mpelelezi Speke alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, na mpelelezi mwenzake Stanley mwaka 1876, walikuta ikulu yenye vitu vya madini ambavyo havikuwa vya kulimia shamba. Kwa jirani zao wa Buhaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha mwaka 1978 utafiti kuhusu matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma karibu na Kemondo, wakieleza joto kali lililofikiwa na wahunzi wa eneo hilo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Sidai kwamba aliyejua kuvukuta mivukuto angejua pia kufungua injini ya ndege ya Lycoming; huo ungekuwa ushairi, na ushairi wa aina hiyo umeharibu maandishi mengi kuhusu ufundi wa Kiafrika. Ninachodai ni kidogo zaidi. Hata wakati ule, chuma cha heshima kilikaa ikulu kwa sababu ikulu ndiyo iliyosema kipi ni cha heshima. Ufalme ulipovunjwa nguvu chini ya ukoloni, vipaji havikufa siku ile. Kilichopotea ni mahali pa kuvithibitishia.

Usafiri wa anga uliingia ukanda wa ziwa mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia hiyo, kabla haijasogezwa hadi Cape Town mwaka uliofuata, ulikuwa Mwanza. Kwa muda mfupi basi, mji wa Kanda ya Ziwa ulikuwa kituo cha mwisho cha ndege za dola kubwa kuliko zote za wakati ule, na Dar es Salaam ilikuwa nje ya njia. Lakini matengenezo makubwa na uamuzi vilibaki kwingine. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi Januari 1946, lilianza na ndege sita aina ya Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Inafaa kutua kidogo hapa. Fundi wa ndege wa wakati ule alikuwa nusu seremala na nusu mshonaji, na mafundi wa namna hiyo hawakukosekana katika wilaya yoyote ya Tanganyika. Hata hivyo karakana iliwekwa Nairobi, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa na nguvu zake na Kenya ilikuwa na sehemu kubwa kabisa ya hisa. Umbo la ndege lilibadilika, zikaja Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, lakini mahali pa saini hapakubadilika.

Halafu kikaja kipindi ambacho, kwa maoni yangu, ndicho pekee Karagwe ilipokuwa karibu na taaluma hii kwa maana halisi. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ilianzisha chuo cha Soroti ili kufundisha marubani na mafundi wa nchi zote tatu. Leseni zilisimamiwa na idara moja ya jumuiya. Kijana wa Murongo aliyevuka Mto Kagera kwenda upande wa Kikagati hakuwa akienda nchi isiyotambua karatasi zake. Alikuwa bado ndani ya mfumo mmoja wa anga, na chuo cha mfumo huo kilikuwa karibu naye kuliko Nairobi. Waliopata nafasi hawakuwa wengi, na uteuzi ulipitia serikali za kitaifa, kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba Soroti ilijaa watoto wa wakulima wa kahawa wa Kaisho. Umuhimu wa kipindi hicho ni kwamba umbali na mamlaka vilielekea upande mmoja kwa mara ya kwanza.

Hali hiyo haikudumu hata miaka saba. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, jumuiya ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Machi 1977 Tanzania ikaanzisha Air Tanzania. Uganda ikabaki na chuo cha Soroti, Kenya ikabaki na karakana za Embakasi, na Tanzania ikaanza kujijengea idara yake ya usafiri wa anga Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na mwaka uliofuata vita vikaishia Uganda kwenyewe. Kwa watu wa Karagwe, mto ambao huko Murongo ndio mpaka uligeuka kuwa mstari wa mbele. Historia za vita hivyo huhesabu waliokufa, ng'ombe waliochukuliwa na majengo yaliyobomolewa, na ni haki. Hesabu moja haitajwi: njia ya taaluma iliyokuwa imeelekea kaskazini ilikatwa, na haikuwekwa nyingine badala yake. Watanzania waliotaka urubani wakatafuta vyuo nje, kwa ada ambazo hakuna mauzo ya kahawa ya familia moja yangeweza kuzibeba.

Kuna pingamizi hapa kwamba Tanzania haikutegemea jumuiya peke yake. Kweli. Ujerumani Magharibi ilianza kusaidia kikosi cha anga cha jeshi mwaka 1964, ikajiondoa mwaka 1965 kwa mzozo wa kisiasa kuhusu Ujerumani Mashariki, na Kanada ikachukua nafasi yake hadi 1970 kwa kuleta wakufunzi na kufundisha marubani na mafundi. Baadaye Wachina wakaendelea. Lakini mfano huu unaitia nguvu hoja, hauidhoofishi. Shule ya kijeshi ilihama kutoka mikono ya taifa moja kwenda lingine kwa sababu ya bendera ya Ujerumani Mashariki iliyopepea Zanzibar, si kwa sababu mwanafunzi au spana vilibadilika. Aliyekuwa na haki ya kusema huyu amefuzu ndiye aliyeamua shule ikae wapi.

Pingamizi la pili ni la kijiografia, na wengi hulipenda kwa sababu linaonekana la kisayansi. Karagwe iko juu, milima yake ni mikali, hewa ni nyepesi, na injini ya pistoni hupoteza nguvu kadiri inavyopanda. Yote ni kweli. Mahali penye mwinuko wa mita 1,600, injini ya kawaida hupungukiwa kiasi cha asilimia 15 ya nguvu iliyo nayo usawa wa bahari, na mwanafunzi anayejifunza kuondoka na kutua lazima aambiwe hilo siku ya kwanza. Ila uwanja wa Wilson wa Nairobi uko karibu mita 1,690, na ni miongoni mwa viwanja vyenye shule nyingi za urubani Afrika Mashariki. Chuo cha anga cha Ethiopian Airlines kiko Addis Ababa, zaidi ya mita 2,300. Mlima basi haujamzuia mtu. Mafuta ni hoja nzito zaidi. Ndege za mafunzo hutumia petroli maalumu ambayo haifanani na mafuta ya jeti, na kuisafirisha hadi pembe ya nchi ni gharama kubwa. Lakini mafuta huja pale penye ndege za kuyanywa, na ndege hukaa pale penye wa kuzitilia saini. Anayeanza na mafuta ameanzia mwisho.

Pingamizi la tatu, la elimu, lina ukweli zaidi. Kwa miaka mingi shule za sekondari zenye sifa zilikuwa Bukoba: Ihungo, Nyakato, Kahororo, Rugambwa. Mtoto wa Karagwe aliyehitaji fizikia na hisabati alilazimika kuvuka wilaya. Hata hivyo angalia kilichotokea katika ufundi mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chama cha maendeleo cha KARADEA kilianzisha hapohapo Karagwe kituo cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua, wakati ambapo miji mikubwa ya Tanzania ilikuwa haijaanza kuufikiria umeme huo kwa dhati. Mafundi walikuja kujifunza kutoka sehemu nyingine za Tanzania na nchi jirani. Wilaya ileile, barabara zilezile za vumbi, uhaba uleule wa maabara, na bado ikawa mahali pa kufundishia. Tofauti ni kwamba paneli ya jua haikuhitaji saini kutoka Nairobi au Dar es Salaam ili iwashe taa. Fundi alithibitishwa na taa yenyewe. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kilichokosekana Karagwe hakikuwa uwezo wa kufundisha ufundi mgumu.

Leo mambo yanajengwa upya, lakini kwenye misingi ileile. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimeteuliwa kuwa kituo cha umahiri katika taaluma za anga kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kinafundisha matengenezo ya ndege jijini Dar es Salaam. Air Tanzania ina karakana yake Kilimanjaro. Kwa nchi, hatua hizi ni za maana, na kudai kwamba chuo kama hicho kingejengwa Kayanga ni kutaka makuu. Jumuiya nayo ilirudi kwa mkataba wa 1999, na wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, una makao yake Entebbe, kwenye kilomita zile 225. Kazi ya wakala huo ni kufananisha kanuni za nchi wanachama, zikiwemo za leseni. Lakini kanuni zinazofanana si leseni moja. Ndege iliyosajiliwa Tanzania hubeba alama ya 5H na ya Uganda hubeba 5X, na fundi aliyesomea Soroti hawezi kuirudisha ndege ya 5H angani kwa saini yake mpaka karatasi zake zikubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, Dar es Salaam. Mzazi wa Kyerwa anayepiga hesabu ya ada analinganisha basi la kupitia Murongo na safari ya kuvuka nchi nzima, na kwa kila kigezo cha nauli, chakula na malazi, Soroti inashinda. Inaposhindwa ni pale mwanawe atakapotaka kazi nyumbani, na hapo ndipo wazazi wengi wenye busara huacha kabisa kuifikiria taaluma hii na kumpeleka mtoto kusomea ualimu au uuguzi.