Upole Uliojenga Mnero

Nchi ya Wamwera, ambayo leo kwa sehemu kubwa imo katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, imeona wengi waliotaka kuitawala kwa mabavu. Wajerumani walikuja na bunduki. Waingereza wakaja na matrekta. Kando yao walikuwapo Wakristo walioamini kwamba Hotuba ya Mlimani ilisema kweli ilipowaahidi nchi watu wapole, na kazi yao ndiyo iliyodumu zaidi.

Mwanzo wao haukuwa mwema. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka uliofuata, wakiwa chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, watu waliochoshwa na pamba ya shuruti, kodi na viboko hawakuona sababu ya kumtenganisha padri na serikali. Misheni zote mbili ziliharibiwa. Agosti mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss aliuawa katika eneo la Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Serikali ikajibu kwa kuteketeza vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi.

Watawa walirudi. Mwaka 1906 walianzisha misheni ya Ndanda, na polepole dawa ikawa lugha yao kuu. Miaka ya 1920 alifika daktari mtawa, Sista Thekla Stinnesbeck, akaijenga huduma ya tiba ya Ndanda kwa miongo kadhaa. Wagonjwa wa ukoma, ambao kila mahali walitengwa, walipata makazi na matunzo huko Mwena. Kuosha vidonda vya ukoma siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, ni kazi ngumu kuliko kushika bunduki, na haifanywi kwa moyo dhaifu.

Kisha zikaja karanga. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Baadhi ya mashine za kung'oa pori zilitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mji wa Nachingwea ulichipuka kwa ajili hiyo, reli ikalazwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Wenye mpango huo hawakuwasikiliza vya kutosha watu walioijua ardhi hii na mvua zake. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza takribani pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa.

Mwaka 1949, wakati matrekta yangali yakinguruma, daktari mpasuaji Mwingereza aliyeitwa Leader Stirling alihamia Mnero, katika nchi hiihii ya Nachingwea, kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Wabenediktini. Alikuwa amezaliwa mwaka 1906, na alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 kupitia misheni ya Kianglikana ya UMCA. Huko kusini, katika misheni ya Lulindi, alifanya upasuaji katika majengo ya udongo na nyasi. Baadaye akawa Mkatoliki, na ndiyo maana akahamia Mnero, alikokaa hadi mwaka 1964.

Kilichomtofautisha na wenye mpango wa karanga ni kwamba hakuja kuwaonyesha wenyeji kuwa hawajui kitu. Lulindi na Mnero alifundisha vijana wa hukuhuku uuguzi, akawakabidhi kazi ambayo Wazungu wengi wa wakati ule waliamini Mwafrika hawezi kuifanya. Kumwamini mwanafunzi mbele ya mgonjwa aliyelala mezani kunahitaji ujasiri, na pia unyenyekevu wa kutoshikilia kila kitu mikononi mwako.

Jirani yake katika imani alikuwa Trevor Huddleston, Askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Alipokuwa padri Afrika Kusini, alimvulia kofia mama yake Desmond Tutu, mfanyakazi wa ndani, na Tutu, aliyeshuhudia akiwa mtoto, hakusahau maisha yake yote. Tutu alipolazwa kwa kifua kikuu, Huddleston alimtembelea mara kwa mara. Mtu huyohuyo aliikabili serikali ya ubaguzi wa rangi hadharani bila kutetereka, na baadaye akawa rais wa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi huo. Wanaodhani kuwa mpole hawezi kukasirikia dhuluma wamsome Huddleston.

Stirling naye hakujificha wodini. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na chama cha TANU, akachukua uraia wa nchi hii, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya chini ya Mwalimu Nyerere. Hiyo ndiyo miaka ambayo Tanzania ilikuwa ikisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini, ikitegemea waganga wasaidizi na wauguzi waliofunzwa nchini. Mtu aliyewafundisha wauguzi chini ya paa la nyasi Lulindi hakuwa na haja ya kuelezwa kwamba jambo hilo linawezekana. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2003, na Mnero bado ni hospitali, sasa chini ya Jimbo Katoliki la Lindi, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa jina la Nachingwea.