Mnyaa na Asili ya Jina Lake

Katika nchi zetu kavu mnyaa ni ua wa tangu zamani. Wamasai huuita emanyara, na husemwa kuwa ziwa la Manyara limepata jina lake kwa mti huu. Lakini wataalamu huuita Euphorbia tirucalli, na neno hilo la pili ni la watu wa Malabar, Bara Hindi. Mdachi Hendrik van Rheede aliuandika katika kitabu chake cha mimea ya huko, kilichopigwa chapa Amsterdam tangu 1678 hata 1693. Mwaka 1753 Linnaeus wa Uswidi akalishika jina hilo, akaandika kwamba kwao ni Bara Hindi. Kumbe, asili yake ni Afrika!

Majani yake madogo hupukutika upesi. Vijiti vyake vya kijani ndivyo vifanyavyo kazi ya majani, kwa hiyo hauogopi kiangazi. Apandaye na akate vijiti, aviache siku chache hata jeraha likauke, ndipo avichomeke penye udongo usiotuama maji. Ila ajihadhari: utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza, hata waweza kumpofusha mtu. Basi usipandwe wachezapo watoto.